Kiganja Juu ya Boneti

Tarehe 9 Julai 2011, Tunduma. Upepo wa baridi, vumbi, jua lisilompasha mtu joto.

Kabla hata ya salamu, fundi aliweka kiganja juu ya boneti. Ndivyo anavyoanza siku zote. Tuntufye, aliyemleta akague gari alilotaka kununua la kumpeleka mama yake kliniki kutoka milima ya Ileje, aliona shingo ya fundi ikikakamaa.

“Nani ameliwasha?” Sauti ya fundi hushuka kadiri hasira inavyopanda.

“Aa, fundi, baridi hii!” Sufiani, mwenye yadi ya kuuzia magari, akacheka. “Nimelipasha kidogo tu. Kwani wewe asubuhi hunywi chai?”

Fundi hakucheka. Injini ikishapata moto huficha mlio wake wa kugonga. Akazungusha ufunguo bila kuwasha, akafuata taa za dashibodi kwa ukucha mweusi, moja baada ya nyingine. Zote hupaswa kuwaka kwanza, lakini ya mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga, haikuwaka kabisa.

“Umeng’oa balbu. Magari yote ya toleo hili kiwanda kiliyaita yarudi, mfuko ukipasuka unarusha vyuma.” Akagonga dashibodi mbele ya kiti cha abiria hadi vumbi likaruka. “Mama yake huyu angekaa hapa! Usoni pake, hapa!”

“Hamlitaki, acheni. Kesho kuna dada analichukua.”

Kulipokucha, Tuntufye alimkuta fundi amekaa juu ya boneti ile, koti hadi masikioni, Sufiani akimfokea ashuke. Hakushuka, injini isije ikapashwa tena, mpaka yule dada alipofika.

“Gusa hapa, dada. Baridi, si ndiyo? Sasa mwambie huyu aliwashe, usikilize. Halafu muulize taa ya mfuko wa hewa iko wapi.”