Benchi Lililochukua Dirisha Langu

Benchi lile liliingia kwetu Hillbrow siku ya Jumanne, mwaka 2017, mabegani mwa wanaume watatu. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa tangu Pasaka, kwa hiyo walipanda ngazi, ghorofa tisa, wakipumzika kila ghorofa na kutukana kwa Kifaransa. Wa mbele alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho. Ndio ninaokaa nao, pamoja na wajukuu wawili. Mimi nilisimama jikoni na mwiko mkononi, nikadhani wameleta maiti.

Wakaliweka dirishani. Cherehani yangu, iliyokuwa imekaa dirishani miaka sita, wakaisogeza karibu na mlango wa choo, chini ya balbu. Nashona sare za akina mama wa kanisa na kupunguza suruali za watu. Kazi hiyo inataka jua. Macho yangu si ya kutafuta tundu la sindano kwa balbu, tena karibu na choo ambacho kila mtu akitoka ananipiga mlango kwenye kiwiko.

Nieleze jambo lenyewe, maana wako ambao hawajaliona. Mtu analala chali kwenye benchi. Juu yake kuna chuma kirefu chenye magurudumu ya chuma huku na huku. Anakishusha mpaka kifuani, halafu anakipandisha. Nilingoja nione kitu kingine, sikuona. Ndiyo yote hiyo. Wanaume wanakula mayai kumi na mbili kwa siku kwa ajili ya jambo hilo, wanakwenda kwenye mashindano, wanavishwa medali. Mimi nimelala chali mara sita nikasukuma, wote sita wakatoka wazima, na hakuna aliyenipigia makofi.

Mkwe wangu alikuwa mlinzi wa usiku katika jengo la ofisi kule Marshalltown. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti mpaka kuche. Walinzi wa mjini wana mashindano yao ya chuma kila mwaka, wao kwa wao, na mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda. Sheria ni hii: ukishakishusha chuma kifuani, hukipandishi unavyotaka wewe. Unangoja mwamuzi aseme. Waamuzi ni watatu na kila mmoja ana taa. Nyeupe, umepita. Nyekundu, umekosa. Unapewa nafasi tatu. Mkwe wangu alipandisha mara zote tatu kabla ya kuambiwa. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, kama dereva wa teksi anayevuka robot, taa za barabarani, akiwahi abiria. Kazini wakamcheka mwaka mzima. Walimwita kwa jina la rangi hiyo.

Yeye alisema wamemwonea kwa sababu ni mgeni.

"Mwambie mumeo," nikamwambia binti yangu, "taa haiulizi pasipoti."

Mkwe alikuwa amekaa palepale, hatua mbili kutoka kwangu. Lakini kwetu Uvira, nchini tulikotoka, mwanaume na mama wa mke wake hawazungumzi hivihivi. Hawali pamoja. Mama mkwe hamwoni mkwe kifua wazi. Hakalii alipolala mkwe, wala mkwe hakalii alipolala mama mkwe. Hiyo ni heshima, na heshima hiyo ilitungwa na watu wenye ua, wenye mlango wa mbele na wa nyuma. Sisi tulikuwa na chumba kimoja, ukumbi, na mlango mmoja. Basi tulikuwa tunasemeshana kupitia binti yangu, na yeye asipokuwepo nilizungumza na sufuria. "Sufuria, kama kuna mtu ana njaa, chakula kiko tayari." Na mkwe alikuwa akijibu ukuta kwamba ukuta umeshukuru.

Binti yangu, kizazi cha siku hizi, aliniambia, "Mama, si ukae juu ya benchi hilohilo ushone? Dirisha liko pale."

"Nikalie malazi ya mkwe wangu?"

"Si malazi, mama. Ni benchi."

"Analala juu yake au halali?"

Akaenda kumwuliza mumewe.

Tukafika mahali pa kupatana. Mkwe akamwambia mke wake aniambie hivi: mashindano ni baada ya miezi minne. Akipata taa nyeupe hata mara moja, benchi linabaki dirishani. Akikosa zote tatu tena, yeye mwenyewe atalishusha ngazi zote tisa na cherehani itarudi mahali pake. Nikamwambia binti yangu amwambie nimekubali. Nilimjua yule mtu. Ni mtu wa kuondoa sufuria motoni kabla maji hayajachemka. Nikaanza kupanga moyoni pazia gani nitalitundika dirishani.

Asubuhi moja, binti yangu yuko saluni, watoto wako shuleni, nilikuwa nashona nikasikia chuma kinashuka. Nikangoja kipande juu. Hakikupanda. Halafu nikasikia sauti ndogo, si ya mtu wa mayai kumi na mbili.

"Mama."

Nikaenda. Amelala na kaptula tu, chuma kimemlalia kifuani, kinajisogeza kuelekea shingoni, uso umekuwa wa bilinganya. Nikageuka nikaondoka. Baadaye alimwambia mke wake kwamba alidhani nimemkimbia, akaanza kutubu. Nilikwenda kuchukua kitenge. Nikarudi nacho nikitazama dari, nikamfunika kutoka mabegani hadi magotini, nikakichomeka vizuri pembeni, kisha ndipo nikasimama kichwani pake na kushika chuma. "Kitenge," nikasema, "mtu huyo asukume." Akasukuma, nikavuta, chuma kikarudi kwenye vyuma vyake.

Siku tatu mkwe hakupita ukumbini nikiwa macho.

Siku ya nne binti yangu alikuja na shauri. Mumewe asifanye peke yake, na nyumbani mchana niko mimi tu. Avute pazia katikati ya ukumbi, mimi nikae upande wangu na cherehani, yeye upande wake. Kichwa cha chuma, na gurudumu lake, kinatokeza pembeni ya pazia, kwa hiyo nitaliona likishuka na likipanda, na mtu sitamwona. Tena nimwamrishe kama mwamuzi, maana kosa lake ni kutongoja.

"Mama, hakuna mtu anayejua kumngojesha mtu kama wewe," akasema. Sijui kama alikuwa ananisifu.

Nikakubali haraka kuliko alivyotarajia. Nilikuwa na nia yangu. Nilitaka alichukie benchi lile.

Basi kila asubuhi, akitoka kazini, pazia linavutwa. "Shusha," nasema. Gurudumu linashuka, linasimama. Hapo nilikuwa natafuta uzi. Uzi nimeuona, nautia kwenye sindano. Haujaingia, naulamba, naujaribu tena. Pazia linaanza kutetemeka.

"Mama..."

"Bado."

Nanywa chai. Ikiwa ya moto naipuliza. "Sukuma." Na gurudumu likipanda kabla ya neno langu nilikuwa nasema tu, "Nyekundu," nikaendelea na kazi. Wiki za kwanza ilikuwa nyekundu asubuhi nzima. Nilimsikia akinung'unika kwa lugha ya kwao, nikafurahi. Mwezi wa pili manung'uniko yakaisha. Nikajiambia, moyo umevunjika, karibu ataacha. Mwezi wa tatu nilikata mkono mzima wa blauzi kati ya "Shusha" na "Sukuma," na gurudumu lilitulia pale kama limewekwa juu ya meza. Hata hapo sikufahamu ninachokifanya. Nilifikiri amelala.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi. Binti yangu alikuwa na bibi harusi wa kusuka, akawachukua watoto saluni, akasema mtu wa nyumbani aende. Nikaenda mimi. Sitasema uongo kwamba nilikwenda kumtia moyo mkwe. Nilikwenda kushuhudia dirisha langu likirudi.

Ukumbi ulikuwa Marshalltown, umejaa wanaume wanaotembea mikono mbali na mbavu kama kuku waliolowana. Wanavalishwa kinguo kimoja cha kubana, soksi ya mwili mzima, na ndani yake hakuna siri. Nikatafuta kiti nyuma ya nguzo. Kutoka pale, ukikaa vizuri, unaona gurudumu moja tu la chuma, la kushoto, na mtu humwoni. Mlinzi mwenzake mkwe wangu, mmoja wa wale watatu waliopandisha benchi, akanijia na heshima zake.

"Eish, mama, hapa utaona nini? Nguzo tupu."

"Ndiyo niliyokuja kuona."

"Mbele kuna nafasi nzuri."

"Baba, yule ni mkwe wangu na amevaa soksi. Kaa chini."

Akakaa chini.

Mwamuzi wa katikati alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni, hana haraka na mtu. Chuma kikifika kifuani anainama, anatazama, anavuta pumzi, ndipo anasema neno lake la Kiingereza. Wanaume wale hawakumweza. Wamekula mayai mwaka mzima, wamepiga kelele, wamejipiga makofi mashavuni, na kusubiri kidogo tu kumewashinda. Taa zikawaka nyekundu mpaka ukumbi ukawa kama duka la nyama. Nikaona raha sana.

Zamu ya mkwe wangu ikafika. Kilo mia na kumi. Gurudumu likashuka, likasimama, limetulia kabisa. Mzee akainama, akatazama, akasema neno lake.

Gurudumu halikupanda.

Watu wakaanza kupiga kelele apandishe. Mzee akarudia. Gurudumu limetulia palepale, halafu likaanza kutetemeka, na wasaidizi wakaja wakalichukua. Nyekundu tatu.

"Amepata nini?" mwenzake akaniuliza. "Amesikia kabisa."

Nilikuwa nimejua alichokuwa anangoja. Miezi minne mtu haambiwi "Sukuma" na mwanaume wala kwa Kiingereza. Anaambiwa na mama mkwe.

Nafasi ya pili akaja na hasira. Gurudumu liligusa chini na kurudi juu hapohapo, kama zamani. Nyekundu. Nyuma yangu mtu akataja lile jina lake la rangi, na wengine wakacheka. Mwenzake akajishika kichwa.

Imebaki moja. Mimi nimekaa nyuma ya nguzo na dirisha langu liko mkononi. Sikutakiwa kufanya lolote. Ilikuwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza si dhambi.

Gurudumu likashuka mara ya tatu. Likasimama. Mzee akainama. Mtu wa mwaka jana angekuwa ameshapandisha, lakini huyu alikuwa ametulia, na niliujua utulivu ule, nimeushona mwenyewe kwa kila uzi niliouchelewesha na kila chai niliyoipuliza. Ni kazi ya mikono yangu, na walikuwa wanaicheka. Sijawahi kutoa nguo ikiwa haijapigwa pindo, hata ya mteja nisiyempenda. Mzee akasema neno lake.

"Sukuma," nikasema.

Sikupiga kelele. Lakini nimezoea kuwaita watoto walio chini barabarani nikiwa ghorofa ya tisa, na ukumbi ule haukuwa mkubwa. Gurudumu likapanda, kwa upande kidogo, kama mzee anayeinuka kitini, likafika juu.

Nyeupe, nyeupe, nyekundu. Mbili zinatosha.

Alikuwa wa saba kati ya tisa. Walimpa karatasi. Njiani kurudi alitembea mbele yangu hatua kumi, kama inavyotakiwa, na pale robot ya barabara kubwa ilipokuwa nyekundu alisimama, ingawa hapakuwa na gari hata moja. Akaiambia nguzo ya taa, "Asante." Mimi nikaiambia nguzo ile kwamba mtu wa saba kati ya tisa asijisahau.

Binti yangu jioni alinitazama sana. "Mama, si ulitaka dirisha?"

"Pika," nikamwambia.

Jumatatu asubuhi, kabla mkwe hajarudi kutoka kazini, nilikaa chini ya ile balbu nikajidunga sindano kidoleni mara mbili. Nikainuka. Nikachukua kitenge kile nilichomfunikia siku ile, nikakitandika juu ya benchi kutoka kichwani hadi mwisho, nikakikunja pembeni vizuri. Kama kiliweza kutuficha sisi wawili siku ile, kinaweza kuficha na hili. Nikavuta cherehani mpaka dirishani, nikakaa. Benchi lilikuwa la urefu uleule wa kiti changu cha zamani. Uzi uliingia mara ya kwanza.

Saa moja na nusu nikasikia mlango. Akaingia, akavua viatu, akasogea mpaka upande wake wa pazia, akasimama. Aliona mguu wangu kwenye kanyagio, bila shaka, na aliona nimekalia nini. Akakohoa.

"Ukuta," akasema, "mimi niko tayari."

Nilikuwa na sketi ya mtu, imebaki pindo lote la chini.

"Bado," nikasema.