Hindi Moja Juu ya Mafiga

Bibi aliponiuliza kama nitaweza kuilinda mbegu mpaka arudi, nilijibu ndiyo hata kabla hajamaliza kusema. Laiti ningekataa. Ningemwambia mimi bado mtoto, kazi hiyo ampe mtu mzima. Lakini katika umri ule nani hukataa kusifiwa?

Nayaandika haya kwa sababu ya televisheni, na najua utanicheka. Jumamosi iliyopita, hapa kwangu Kilole, Korogwe, wajukuu wangu wawili walikuwa wakitazama tamthilia ya watu wanaopanda mashine na kurudi siku zilizopita. Mimi nilikuwa nachambua maharage, sikio moja tu likiwa kwao. Mzee mmoja amerudi kwenye siku ya utoto wake, siku ambayo baba yake alimwagiza asifungue mlango wa chombo chao cha angani, hewa isije ikaisha. Alitii, na rafiki yake akafia nje akigonga. Sasa mzee amejibanza ukutani, anamsikia baba yake akitoa agizo lile lile. Kumbe baba anaendelea: "Ila mwenzako akigonga, mfungulie." Nusu hiyo mzee alikuwa ameisahau maisha yake yote.

Maharage yalinimwagika.

"Afungue basi!" mjukuu wa kiume akapiga kelele, rafiki alipoanza kugonga.

"We nawe huelewi," dada yake akamkata. "Si wamemwambia akibadilisha kitu wanawe hawazaliwi? Afungue, watoto wake wafutike?"

"Atazaa wengine!"

"Na ungekuwa wewe ndiye unayefutika? Babu, wewe ungefungua?"

Kwenye televisheni mzee alinyoosha mkono kwenye kitasa, kisha akaurudisha. Sikumjibu mjukuu wangu. Nilikuwa nimeisikia sauti ya bibi.

Chanika ya utoto wetu ilikuwa mashamba yaliyofika mpaka mlangoni. Uliamshwa na vinu. Mchana kulinuka makopa ya muhogo yaliyoanikwa, na jioni bibi alisonga bada, ugali wa muhogo unaonata, kwa mlenda ulioteleza hata tonge likashuka kooni kabla hujaamua kumeza. Kazi yangu ilikuwa kuwinga nyani shambani kwa kupiga debe. Nilikuwa hodari. "Huyu akikaa shambani," bibi aliwaambia majirani, "nyani wanahamia kwenu," nao wakacheka, nami nikavimba kichwa.

Jikoni, juu ya mafiga, ilining'inia mbegu: mahindi yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa masizi, maana moshi hufukuza wadudu. Bibi alikuwa na neno lake: mbegu hailiwi, anayekula mbegu amekula na mwaka ujao.

Ukaja mwaka ambao vuli ilikatika na masika hayakuja. Watu wakaingia porini kuchimba ndiga, viazi mwitu vyenye sumu. Huvili mpaka uvikate vipande, uviloweke na kubadilisha maji siku kadhaa. Bibi aliacha chungu kizima cha ndiga zilizolowekwa, akaenda Korogwe kuhemea chakula kwa baba yetu, aliyekuwa akikata mkonge huko. Mama alikuwa ameshafariki. Tulibaki mimi na mdogo wangu wa kike, aliyeanza kung'oka meno ya mbele, na jirani angetuletea uji kila jioni. Bibi alipokuwa akiniaga, binti wa jirani huyo alikuwa jikoni kwetu, amekuja kuomba moto, anachagua makaa kwa kigae chake. Mimi nilisema ndiyo, nikatoka mbio kutafuta fimbo ya ulinzi.

"Kaka, hindi moja tu," mdogo wangu aliniomba siku iliyofuata. "Nitatafuna polepole."

"Unataka kula mwaka ujao?" nilimwambia, kwa sauti ya bibi.

Alilia, kisha akanyamaza. Nikajisifu moyoni. Nikakaa mlangoni na fimbo yangu, nikatazama nje, kwa sababu wezi hutoka nje. Nyuma ya mgongo wangu alikula ndiga za kwenye chungu. Niliposikia anatapika nikageuka, na alikuwa haniitikii tena. Uji wa jioni ulimkuta ameshafariki.

Bibi aliporudi alitazama juu ya mafiga. Hakuna hindi lililopungua. Hakunipiga. Alisema tu, "Ulilinda." Miaka yote hii nilidhani kwamba alinisifu.

Mvua iliponyesha tuliipanda mbegu ile. Mavuno yake yalituvusha, nikasoma mpaka sekondari, nikaoa, nikazaa. Wanaobishana sebuleni kwangu wametoka kwenye mahindi yale.

Jumatatu nilikwenda Chanika. Binti wa makaa sasa ni bibi kizee, lakini ulimi wake haujazeeka.

"Loo, aliyegeuka Msambaa amekumbuka kwao! Korogwe wamekufukuza, kaka, au umekuja kuposa?"

Nilicheka, kisha nikamuuliza kama bibi alisema neno jingine siku ile akiniaga. Akaacha kucheka.

"Alisema. 'Mbegu hailiwi. Ila mtoto akilemewa na njaa, mvunjie hindi moja.' Wewe ulikuwa umeshatoka mbio. Nilidhani umesikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Bibi yako alinikataza. Alisema mmoja ameshazikwa, tusimzike na wa pili."

Nilikaa nikitazama jikoni kwake. Anapikia gesi, juu hakuna moshi wala mbegu. Mbegu siku hizi hununuliwa dukani, kwenye pakiti, zimepakwa rangi. Pale palipokuwa na jiko letu pana nyumba ya mtu nisiyemjua, na hakuna anayekuja kuomba moto kwa mwenzake.

Mjukuu wangu bado anasubiri jibu. Yule mzee wa kwenye tamthilia alikuwa na cha kupima: rafiki upande huu, wanawe upande ule. Mimi nilipima nini? Shamba lisingejua kwamba hindi moja limepungua. Ningesoma vile vile, ningeoa, wajukuu wangu wangezaliwa wote, nao wangekuwa na bibi mwingine wa kumwamkia shikamoo.

Nilikubali kuilinda mbegu, na mbegu ikasalimika yote. Mdogo wangu alikufa.