Hatua Saba, Zote Namba Moja

Leo nimeongeza nafasi tupu tu kwa ukurasa wa maelezo, na mzani wa kahawa kule kiwanda cha Gakindu umeamka.
Chekeni, lakini mmalize kusoma.

Wiki nzima Mama Wangari, karani wa kiwanda, ananipigia mimi fundi wa programu: ile ya mzani imekataa.
Mimi moyoni, ati huyu mama hasomi maelezo.

Leo nikaenda mwenyewe.
"Mama, ulifuata hatua zote saba?"
"Saba gani? Si zote ziko namba moja? Nikachagua ile fupi."

Ile fupi ni "Washa mzani." Basi!

Nikaangalia skrini.
Woi. Moja, moja, moja, mpaka chini.

Picha za kila hatua hazikusogezwa ndani kwa nafasi tupu, kwa hivyo kompyuta ilidhani orodha imeisha, na baada ya kila picha hesabu ilianza upya.
Nikaweka laptop juu ya gunia, nikasogeza zote, nikahifadhi.
Moja mpaka saba!

Mama akafuata. Mzani ukasoma. Wakulima kwa foleni wakapiga makofi.

"Na nani aliandika vibaya hivyo?"
"Ni mimi, Mama."

Akacheka mpaka akakaa.
"Basi andika jina yangu hapo. Mimi ndio nimekuonyesha."

Nimeandika. Jina lake liko juu ya langu.