Wembe wangu na santuri za marehemu

Watu wananijua mukali, basi leo ukali huu niuelekeze kwangu mwenyewe.

Redio iliposema majina ya Kizungu yaachwe, nikaogopa watu wa chama tawala. Santuri za piano za marehemu mume wangu zilikuwa na majina ya Wazungu kwenye karatasi ya katikati. Nikashika wembe, nikakwangua zote, tena nikajisifu kwa majirani.

Juzi akafika mwalimu wa Lubutu, mukusanyaji wa santuri. Marehemu aliusia apewe moja, ile ya zamani aliyoipiga kila Jumapili.

"Mwaka wake tutausoma kwenye karatasi, mama." Akaitoa ya kwanza, akapitisha kidole pale palipokwanguliwa.

"Njo panya, ndio waliikwangua," nikasema.

"Panya gani inakwangua mviringo hivi? Yenu iko na wembe."

Gramofoni ilikuwa imekufa. Akazipanga zote mezani. "Haizuru. Uliiona kila Jumapili. Nionyeshe tu ile ya mzee."

Nzito njo za zamani, hiyo najua, lakini nzito zilikuwa tisa, zote nyeusi. Miaka ishirini nilikuwa jikoni, sikumuuliza mume wangu hata siku moja anasikiliza nini.

"Siijui," nikamwambia.