Niliandika Ubaoni Kwamba Nyumbani Kwangu ni Mandawa

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, nimefiwa na mke. Naomba ukurasa unifiche jina, maana Nachingwea na Ruangwa nzima wananijua. Sijisifu. Ukiuliza nani alifyeka pori la Mandawa kwa panga butu akasimamisha mikorosho, utaletwa kwangu. Na haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe, pole pole, sijamtuma mtu.

Kwetu ni Kiegei. Nilioa Mandawa, na kwa desturi yetu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Ardhi ni ya ukoo wa mke, watoto ni wa ukoo wa mke, wewe unakuja na jembe na nguvu zako. Mimi nilikwenda na nguvu nyingi. Nikajenga, nikapanda, nikazaa. Mke wangu alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba, na watu wakasubiri nifunge mizigo nirudi kwetu. Sikufunga. Mlamu wangu, kaka mkubwa wa marehemu, hakunifukuza. Alinitania tu.

"Mlamu, wewe mgeni gani usiyeaga?"

Nami namjibu, "Nilikuta nyani wengi hapa, nikawafukuza wote, umebaki wewe."

Tunacheka, siku inakwisha.

Lakini usiku, ukimya ule wa nyumba, ndugu zangu, nisiwafiche, ulinila. Kwa hiyo miaka ya mwanzo ya elfu mbili, walipofungua darasa la watu wazima pale shuleni, jioni watoto wakishatoka, nikawa wa kwanza kukaa. Niliwaambia najua kusoma, nimekuja kumsaidia mwalimu. Kweli yenyewe nilifuata sauti za watu.

Mwalimu alikuwa dada mmoja wa Bukoba, mwembamba, mkali. Alikuwa na mchezo wake. Anataja neno, anakuita, unakwenda ubaoni. "Usifikiri. Chaki isisimame mpaka nipige makofi. Ukikosea, endelea." Mama mmoja alipewa neno mvua, akaanza na mvua akaishia kwa mume aliyemkimbia. Darasa zima tulicheka, na yeye akacheka. Mimi nilipewa ng'ombe. Sijawahi kufuga ng'ombe, lakini ubao niliujaza.

Siku moja neno likawa nyumbani. "Mzee wangu, njoo." Nikashika chaki. Mkono ukaenda wenyewe: Nyumbani kwangu ni Mandawa. Nyumba yangu. Mikorosho yangu. Mke wangu yupo hapa. Na mimi nitalala hapa.

Akapiga makofi. Nikasoma kwa sauti kubwa, sijakwama hata mahali pamoja. Mwalimu akafurahi, "Umeona? Yametoka yenyewe!"

Mlamu wangu naye alikuwa mwanafunzi, amekaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani. Akainuka. "Mwalimu, usifute kwanza." Akatoka nje akawaita watu waliokuwa wanapita, waje wasome. "Yangu, yangu, yangu. Nani kampa?"

"Jamani, hili ni zoezi la kuandika tu," mwalimu akasema. "Si hati ya shamba."

"Kwenu Bukoba labda. Hapa mtu akiandika kwa mkono wake mbele ya watu, kaandika."

Mwalimu akafuta ubao haraka. Akafuta nini sasa? Wote walishasoma.

Jumapili, baada ya misa, ukoo ukakaa. Binti yangu alitoka Ruangwa mjini, akakaa upande wao, maana yeye ni wao. Mlamu akasema, "Ungekaa kimya kimya tungekuacha. Sasa umeandika. Kesho ukifa watakuja wapwa zako wa Kiegei, warithi wako, kudai mikorosho." Walitaka niseme nimekosea. Nani, mimi? Nikawajibu, "Niliandika, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wenu wote." Ndipo wakanitoa.

Binti alinisindikiza mpaka stendi ya Ruangwa, amenishikia kuku wangu. Gari lilipowaka akasema, "Baba, ungenyamaza tu."

Sasa niko Kiegei. Wapwa zangu wananiheshimu, wamenipa chumba kizuri. Chakula kinaletwa, kinawekwa, mletaji anaondoka. Rika langu wamekufa. Nikianza habari za mikorosho yangu wanaitikia, "Ndiyo, mjomba," macho yako barabarani. Heshima tupu. Hakuna hata mmoja wa kuniita mgeni nisiyeaga.

Juzi binti yangu kaleta ujumbe. Mlamu amezeeka, miguu imekataa. Anasema nije kwenye misa ya kumkumbuka dada yake, nisimame mbele ya ukoo, niseme yale ya ubaoni yalikuwa zoezi tu, sikuyamaanisha. Nikishasema, nirudi ndani kwangu, hakuna atakayenigusa, na siku yangu ikifika watanizika pembeni ya mke wangu. Halafu akaongeza, "Mwambie na nyani wamerudi."

Nilicheka peke yangu chumbani mpaka nikaona aibu.

Lakini nitasemaje? Nimejaribu. Nilichukua kipande cha mkaa nikaandika ukutani kama tulivyofundishwa, bila kufikiri. Nyumbani kwangu ni, na mkono tayari umeshaandika Mandawa. Nikijilazimisha kuandika si Mandawa, mkono unasimama. Binti ananiambia, "Baba, ni maneno mawili tu ya mdomoni, yanakushinda nini?" Yeye hakuwepo siku ile. Mimi ule ubao niliusoma kwa sauti.

Basi ninyi maelfu mnaosoma ukurasa huu, niamulieni. Niende nikaukane ubao wangu nipate kulala alipolala mke wangu, au nibaki Kiegei na kweli yangu, nizikwe na watu wanaonisikiliza kwa heshima? Jibuni kwa herufi kubwa, macho yangu si yale. Na msikae kufikiri. Andikeni linalokuja kwanza.