Mjomba wa Stesheni na Mashine ya Kugonganisha

Kama kuna mtu aliyewahi kuchoka katika wilaya nzima ya Kilosa, akachoka hadi uchovu wenyewe ukamwonea huruma, basi mtu huyo alikuwa Makarius wa stesheni ya Mikumi. Wala hakuchoshwa na kazi. Angechoshwa na kazi ingekuwa heri, maana mtu wa kazi hulala akaamka. Makarius alichoshwa na kungoja, na anayengoja hana saa ya kulala wala ya kuamka.

Treni ya kutoka Kilosa kwenda Kidatu, ambayo ujanani mwake ilipita imejaa abiria, ikarudi imejaa sukari, siku hizo ilikuja ikijisikia. Na ikija, ilikuja kwa mwendo ambao kuku wa stesheni masta waliweza kupanda behewa la mbele, wakataga, wakashuka kwenye behewa la nyuma bila kuchafua miguu. Nyani wa mbugani walikaa juu ya reli wakitoana chawa, na dereva akipiga honi walimwinulia macho kama watu walioingiliwa sebuleni bila hodi. Anayebisha akawaulize nyani, wapo mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, redio kubwa ruksa, malori ruksa. Na malori ndiyo yaliyoikaba treni koo. Yalipita kule barabarani usiku na mchana, yakinguruma, na mizigo iliyokuwa ya reli ikapanda juu yake bila hata kuaga. Wenzake Makarius wakaanza kupunguzwa kazini, mmoja mmoja, kama meno ya mzee. Yeye akabaki. Hakujua alibakizwa kwa sababu ya kupendwa au kwa kusahauliwa.

Kazi yake ilikuwa moja: treni mbili zisikutane. Njia ya reli ni moja tu, inayokwenda na inayorudi zinakanyaga chuma kilekile, kwa hiyo moja ikija, nyingine lazima iwekwe pembeni ingoje. Makarius ndiye aliyebadilisha njia, akainua mkono wa ishara, akasimama na bendera yake. Mwaka ule wa mafuriko, mto Mkondoa ulipomega tuta na watu wakachanganyikiwa, kiberenge cha mafundi kilikuwa kinatoka huku na treni ya mizigo inatoka kule, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Makarius alikimbia na bendera nyekundu, na mbio alizokimbia kivuli chake hakikuziweza, kilifika kesho yake asubuhi kikihema. Kiberenge kikasimama, na treni ikasimama. Watu wakashuka wakaangaliana, wakakaa chini kwenye kokoto. Tangu siku hiyo Makarius aliamini kwamba Mungu alimuumba kwa jambo hilo moja, kuzuia vitu visigongane.

Ndiyo maana habari aliyoletewa na mpwa wake ilimpiga mahali pabaya.

Kwao ni Mvumi, upande wa Kilosa, na huko kwao, kwa Wasagara, mtoto ni wa mama. Baba anazaa, anapenda, analisha, lakini neno la mwisho juu ya mtoto ni la mjomba. Shamba nalo linapita kwa wanawake, kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Dada yake Makarius, Anastazia, alizaa wavulana kama anayefyatua matofali, na msichana mmoja tu, Costancia. Msichana huyo ndiye aliyekuwa ukoo mzima. Asipokuwepo yeye, shamba la bibi zao lingebaki la nyasi, na jina la nyumba lingeishia kwenye midomo ya wazee.

Na Mungu naye ana mizaha yake. Msichana huyo mmoja ndiye akampa kichwa cha hesabu. Shule ya misheni ikamshindwa, ikampeleka mbele, mbele ikamshindwa ikampeleka chuo kikuu, Dar es Salaam, akasoma fizikia. Sasa kulikuwa na nafasi ya kwenda Ulaya kusoma zaidi, mahali penye mashine moja kubwa ya utafiti, na wote walikuwa wameshakubali, chuo na wizara na wazungu wenyewe. Alikuwa amebaki mtu mmoja tu, amevaa koti la reli lililochanika kwapa, stesheni ya Mikumi.

Walikuja Jumamosi, mama na binti, kwa treni kutoka Kilosa. Treni ilifika siku iliyotarajiwa, jambo ambalo liliwashtua hata waliokuwa ndani yake. Costancia akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama." Alimwita mama kwa sababu ndivyo mjomba anavyomwita mpwa atakayeubeba ukoo.

Wakaketi kwenye benchi la stesheni, kivulini. Pale pembeni alikuwepo Bonifas, nyapara wa genge la kutengeneza reli, Mnyamwezi ambaye babu yake alikuja enzi za Mjerumani akibeba begani mataruma ya kulazia reli, akasahau kurudi Tabora. Bonifas alikuwa mtani wao. Alipowaona tu alitangaza kwamba mke wake amefika, na kwamba ameletwa amekonda kwa sababu Wasagara wanakula mchicha na kusindikiza kwa maombi. Costancia akamjibu kwamba hawezi kuolewa na mtu ambaye babu yake alisahau njia ya kwao. Wakacheka. Anastazia peke yake hakucheka, maana alijua kilichowaleta.

Makarius akauliza hiyo mashine ni ya nini. Costancia akajaribu. Alieleza kwamba kuna handaki limechimbwa chini ya ardhi, Uswisi na Ufaransa zinapokutana, chini ya mashamba na ng'ombe wa watu. Handaki lenyewe ni duara, kulizunguka kwa mguu ni kazi ya kutwa. Ndani yake sasa hivi mna mashine, lakini imepangwa kwamba baada ya miaka michache itang'olewa, na katika handaki lilelile ifungwe nyingine yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, yenye sumaku zinazopoozwa hadi barafu ionekane ya moto. Yeye angekwenda kujifunza habari za hizo sumaku.

Hapo Makarius alikuwa bado mtulivu. Kung'oa njia ya zamani na kutandika mpya alikuelewa, alikuwa ameahidiwa hivyo hivyo kwa ajili ya reli yake tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Na ndani ya duara kinapita nini?"

"Chembe, mjomba. Vitu vidogo kuliko vumbi la vumbi. Vinapita kwa makundi, vinaongezwa mwendo mpaka hakuna mwendo mwingine wa kuongeza. Kundi moja linazunguka hivi, jingine linazunguka hivi."

Alionyesha kwa vidole, kimoja kulia, kingine kushoto. Makarius akavitazama vile vidole vikikaribiana.

"Si vitakutana?"

"Ndiyo. Tunavikutanisha."

"Kwa bahati mbaya."

"Kwa makusudi, mjomba. Ndiyo kazi yenyewe. Vikigongana vinavunjika, na humo ndani tunatazama kinachotoka."

Makarius aliitazama njia ya reli, upande huu na upande ule. Kisha akauliza ni nani anayesimama na bendera. Costancia akasema hakuna. Akauliza wanatafuta nini hasa humo kwenye mabaki. Costancia akasema wanatafuta mambo mengi, lakini moja kubwa ni kujua kwa nini vitu vina uzito.

Anastazia, ambaye alibeba kuni kichwani tangu utotoni mpaka shingo ikasahau kugeuka, akasema polepole kwamba wakishajua, basi wamtolee huo wa kuni.

Bonifas alicheka. Makarius hakucheka. Aliuliza mashine itaanza lini, na mpwa wake, ambaye hakufundishwa kudanganya wakubwa, akasema labda miaka kumi. Huenda na zaidi. Wamarekani walianza ya kwao, kubwa kuliko hiyo, wakachimba na kuchimba, kisha serikali yao ikasema basi, na mashimo yapo mpaka leo yanaingia maji. Na wataalamu wengine wameshaanza kupanga nyingine ya kuja baada ya hii, ya mstari ulionyooka.

"Hii haijajengwa," alisema Makarius, "na wameshapanga itakayoifuata."

"Ndivyo kazi hii ilivyo, mjomba."

"Kumbe na huko kwao wanaishi kwa mipango." Alisema hivyo bila furaha, kama mgonjwa aliyeambiwa kwamba na daktari anaumwa.

Kisha akatoa neno lake. Alisema hapana. Alisema hawezi kumtoa mtoto wa pekee wa kike, mwenye shamba, mwenye nyumba, ampeleke kwenye baridi akangoje kitu ambacho hakipo, kitakachokuja kugonganisha vilivyokuwa vinapita salama. Iwapo itajengwa, na aende siku hiyo.

Costancia aliinamisha kichwa. Alisema kwa sauti ndogo, "Nikingoja ijengwe, mjomba, nitakuta imejengwa na wenzangu."

Mama yake akafunua khanga, akaifunga upya, ingawa haikuwa imelegea. Neno la mjomba likishatoka, hakuna ndugu wa kulirudisha, si mama, si mtoto. Nafasi ile ingekwenda kwa mwingine, na wote watatu walilijua hilo. Wakakaa wakitazama reli.

Lakini mtani si ndugu. Mtani anaweza kuvua jeneza kifuniko na hakuna wa kumkemea.

Bonifas akainuka, akachukua mfuko wa Costancia, akaupachika begani. "Mke wangu, twende. Tuwaache Wasagara walinde reli yao isiibiwe na nyani."

"Bonifas, leo si siku," alisema Makarius.

"Siku yangu ni ipi, ya msiba wako? Nitakuja pia, nitakalia maiti mpaka wanipe jogoo. Lakini nakuuliza ukiwa hai. Hapa unazuia nini kisigongane na nini? Nionyeshe treni mbili, Makarius. Nionyeshe hata moja na nusu." Alikuwa anacheka, lakini kicheko kilianza kumkauka mdomoni. "Wewe hulindi ukoo, bwana. Umechoka kungoja peke yako, unatafuta wa kungoja naye. Sasa umempata mtoto wa watu."

Anastazia akavuta pumzi kama aliyekanyaga kaa la moto. Mtu mwingine angesema hayo, asingekaribishwa tena Mvumi, yeye wala wajukuu wake. Bonifas aliyasema, akaketi juu ya mfuko, akatoa tumbaku.

Makarius akaondoka pale kivulini. Alitembea hadi kwenye wenzo wa kubadilishia njia, akaushika, akauacha. Chuma cha njia ya pembeni, ile ya kuwekea treni inayongoja, kilikuwa kimeota kutu nyekundu, nene kama manyoya ya paka, na nyasi zilikuwa zimepanda katikati ya mataruma. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho kuweka treni humo. Mke wake alikwishafariki. Watoto aliozaa walikuwa watoto wa wajomba zao, kama inavyopaswa. Alisimama pale juani muda wa kutosha kwa chai kupoa. Mtani ana haki ya kumvua mtu nguo, na aliyevuliwa hana haki ya kukasirika, anabaki kujitazama tu alivyo.

Aliporudi hakuketi. "Hiyo mashine," alimuuliza Costancia, "wakiiachia njiani kama wale wengine?"

"Nitakuwa najua walichokijua waliofika njiani. Nitarudi nacho, nifundishe."

"Na wakiimaliza?"

Costancia alifikiri. "Nitakuwa mtu mzima, mjomba. Nitakuwa nimechoka."

Makarius akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, chenye vumbi, lakini dada yake alikisikia akamtazama usoni, kwa kuwa hakuwa amekisikia tangu msiba wa wifi yake.

"Shamba halilali bila mtu," alisema Makarius. "Nikikuruhusu, linabaki na nani? Mama yako magoti yake ndiyo hayo. Kaka zako wamehamia Morogoro kuuza mitumba." Akavua koti la reli, akalikunja polepole, akalilaza juu ya benchi. "Basi nitakaa mimi. Nitamwambia stesheni masta Jumatatu. Nitalishika shamba mpaka urudi, au mpaka uniletee binti wa kulishika. Ukikawia sana nitakufa nikiwa na jembe mkononi, na kosa litakuwa lako."

"Kaka," alisema Anastazia, "wewe hujalima tangu tukiwa watoto."

"Najua."

Aliagiza maji ya kumbariki mpwa wake. Costancia alipiga magoti mbele yake, pale kwenye sakafu ya stesheni, na Makarius akachukua funda moja, akalishika kinywani kidogo huku akisema kimoyomoyo na wakubwa zake waliotangulia, kisha akampulizia kifuani na viganjani, mara ya kwanza na ya pili. Akamwambia aende salama, akavigonganishe hivyo vitu vyao, ila yeye mwenyewe apite pembeni.

Bonifas akauliza mke wake anapelekwa Ulaya na mahari italipwa na nani. Kisha akaondoka kwenda kulitazama genge lake, akipiga mluzi, na mfuko akauacha pale.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa milima. Makarius aliketi hatimaye, kati ya dada yake na mpwa wake, akanyoosha miguu, magoti yakalia.

"Lile shamba la bondeni," alimuuliza Anastazia, "mahindi yamekuwaje mwaka huu?"

"Utayaona wapi mahindi, kaka. Magugu yanamfika mtu kifuani."

Makarius akafumba macho. "Na jembe mnalo?"

"Lipo," alisema dada yake. "Mpini ndio hakuna."