Sarafu Aliyoisugua Mama

Kusoma sarafu za Kirumi nilifundishwa Ngara, na fundi wa saa, mzee wa Kihindi niliyemwita anko. Nikitoka ofisini mjini nilipitia kwake, ananikalisha kwenye stuli na kunisogezea sahani ya sarafu zake chakavu. "Uso kwanza," alikuwa akisema. "Pua, kidevu, nywele. Halafu zunguka na herufi." Nikikosea alinicheka bila huruma, na kesho yake nilirudi tu. Leo namshukuru hata kwa vile vicheko.

Sarafu moja hakuwahi kuisoma. Ilikuwa ya mkewe, na mkewe alipofariki aliifunga kwenye leso asiitazame tena. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alinipa. "Kuna mwanamke hapo, beta, mwanangu. Niambie ni nani kabla sijawa kipofu."

Nikaipeleka nyumbani Kangemi, nikaiacha mezani, nikaenda kuoga. Sasa mama yangu ni mtu wa kuona kitu cheusi akakiacha? Nilipotoka alikuwa ameisugua kwa waya ya kusugulia sufuria na jivu, inang'aa, na ule uso uliokuwa umechakaa tayari umekwisha kabisa. "Ilikuwa chafu sana hii," akasema, amefurahi. Nililia, jamani. Hata nguvu ya kugombana sikuwa nayo.

Nilipofuta machozi nikaimulika kwa tochi ya simu kutoka upande. Ukingoni herufi zikajitokeza moja moja: D, I, V, A. Nikakaa chini. Warumi hawakumwandikia neno hilo mke wa mfalme aliye hai. Ni la aliyekufa, akatukuzwa. Herufi zilizofuata zikanipa jina lake, na jina likanipa mume: mfalme aliyeendelea kutoa sarafu zenye uso wa mkewe miaka mingi baada ya kumzika.

Kesho yake nilimweleza anko yote, habari za yule mfalme aliyefiwa na za jivu la mama. Nilingoja anifokee. Akaipapasa sarafu kwa kidole gumba, pale shavu lilipokuwa.

"Mke wangu alioshwa kwa mazishi nikiwa safarini," akasema. "Nilifika yameshakwisha." Akaigeuza sarafu. "Mwambie mama yako asante kwa kumwogesha huyu."

Leso ilikuwa pale mezani, imekunjwa. Hakuigusa. Sarafu aliitia kwenye mfuko wa shati, akarudi kwa saa zake.